Filta tatu, kiuno kimoja: kisa cha gari la Tabora–Urambo

Dereva alikuja na galoni ya lita tano iliyokatwa mdomo. Ndani mlikuwa na filta tatu za oili zilizokwisha kutumika, zimelaliana kwenye oili nyeusi. Akaiweka juu ya benchi, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Fundi, angalia mwenyewe. Nikieleza watu wanadhani nazidisha."

Nilizitoa moja moja nikazisimamisha kwenye gazeti. Zote tatu zilikuwa na kiuno. Filta ya karatasi inapotoka dukani husimama kama ngoma ndogo: mikunjo ya karatasi imezunguka tundu la katikati, juu kuna kisahani, chini kuna kisahani. Hizi zilikuwa zimebonyea katikati kama kibuyu, na tundu la ndani limejifunga hata kidole changu cha mwisho hakikupita. Moja ilikuwa imeachia kisahani cha chini kabisa.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la viti saba, injini ya petroli ya lita 2. Linabeba abiria Tabora–Urambo, kilomita zipatazo 90 za lami, na siku za gulio huingia barabara za vumbi upande wa Ndono na Usoke. Mwenye gari ni mama mmoja wa biashara ya asali. Aina ya gari siitaji kwa sababu muundo huu wa filta unatumiwa na watengenezaji wengi, na lililotokea hapa linaweza kutokea kwenye lolote kati yao.

Malalamiko yalikuwa haya. Asubuhi taa ya oili ilichelewa kuzima, sekunde tano hadi sita baada ya kuwasha. Mchana, injini ikishapata moto na gari limesimama stendi sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa resi, taa ilipepesa. Ukikanyaga resi inazima. Mafundi wawili walikwisha kutoa hukumu: filta feki. Kila mara akanunua nyingine, akabadilisha na duka. Ya kwanza alinunua hapa Tabora, ya pili aliagiza Mwanza, ya tatu ilitoka Dar es Salaam kwa basi. Tatu tofauti, maduka matatu, na zote zina kiuno kilekile.

Hapo ndipo nilipoanza kusita. Filta feki zipo, tena nyingi, na nimeshazikata kwa mikono yangu nikakuta karatasi nyepesi kama ya kufungia vitumbua. Lakini feki tatu kutoka viwanda vitatu hazikubaliani kusinyaa mahali pamoja. Na ile ya tatu ilikuwa imetembea kilomita 1,100 tu. Nilipoipanua mikunjo kidogo kwa ncha ya kisu, bila kuikata, karatasi ya ndani bado ilikuwa na rangi ya manjano ya kahawia. Haikuwa imeziba. Filta iliyoziba ikakunjamana naielewa. Filta safi inayokunjamana inakuambia kuna kitu kingine.

Nguvu inayoifinya

Tueleze kwanza filta hii inavyofanya kazi, maana wengi wetu tumekulia kwenye filta ya kopo, ile unayoifungua nzima na kuitupa nzima. Ya karatasi haina kopo lake. Nyumba yake ni sehemu ya injini, na inafungwa kwa kikombe cha plastiki au alumini kinachozungushwa kwa spana ya meno. Unabadilisha karatasi na mipira ya duara. Kikombe kinabaki na gari maisha yake yote.

Pampu inasukuma oili kwenye nafasi iliyozunguka filta. Oili inapenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, inaingia tundu la katikati, halafu inapanda kwenda kwenye beringi, kemshafti (mhimili unaofungua vali za injini) na kwingineko. Kwa kuwa karatasi inaizuia kidogo, presha ya nje huwa kubwa kuliko ya ndani. Tofauti hiyo ndiyo inayotaka kuifinya filta wakati wote injini inapowaka. Kwa kawaida ni ndogo. Ikizidi kiwango alichopanga mtengenezaji, mara nyingi karibu na baa 1, vali ya baipasi inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko beringi kukauka.

Baa 1 inasikika kama kitu kidogo, kwa hiyo nilimchorea dereva hesabu kwenye boksi la filta. Tundu la ndani la filta yake lina kipenyo cha sentimita 2.5 hivi, na urefu wa sentimita 6. Ukizungusha, eneo lake ni karibu sentimita za mraba 47. Baa 1 ni kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Yaani karatasi ile inakandamizwa kuelekea katikati kwa nguvu inayokaribia kilo 48, karibu mfuko wa saruji. Karatasi haibebi mfuko wa saruji. Ndiyo maana katikati yake panawekwa kibomba kigumu chenye matundu, karatasi ikiegemee. Baadhi ya filta zinakuja na kibomba hicho ndani yake. Nyingine hazina, kwa sababu mtengenezaji wa gari amekiweka kwenye kikombe au kwenye nyumba ya filta, na kinatakiwa kubaki pale sevisi baada ya sevisi.

Aya hiyo ya mwisho niliijua. Niliijua siku ile dereva alipokuja, na bado nilianzia pengine.

Nilipokosea

Nilipochomoa kipimio cha oili na kuisugua kati ya vidole, ilikuwa nzito. Dereva akakiri: taa ilipoanza kupepesa, alishauriwa atoe 5W-30, oili nyepesi inayotajwa kwenye kitabu cha gari, atie 20W-50 iliyo nzito, "taa itanyamaza." Ni ushauri wa kila kona, na una chembe ya ukweli ndani yake: oili nzito inapandisha presha kidogo injini ikiwa ya moto. Ila asubuhi inageuka. Kwenye nyuzi 40 za joto, mnato wa 20W-50, yaani ugumu wake wa kutiririka, huwa karibu sentistoku 160 (ndicho kipimo cha mnato), na wa 5W-30 ni kama 60. Kupitisha kitu kizito mara mbili na nusu kwenye karatasi ileile kwa kasi ileile kunahitaji tofauti ya presha kubwa mara mbili na nusu. Na ilikuwa Julai, ambapo alfajiri ya Tabora hushuka hadi nyuzi 15 hivi, oili ikiwa nzito zaidi ya hapo. Gari linatakiwa stendi saa 12 asubuhi. Nikamuuliza anaondokaje nyumbani. "Nawasha, napiga resi kidogo ipate moto, naondoka."

Nikajiona nimemaliza. Oili nzito, baridi, resi mapema: filta inafinywa kila asubuhi hadi inakubali. Nikamwaga oili, nikaweka 5W-30 lita 4.2, nikaweka filta mpya niliyoiamini, nikamwambia akiwasha asubuhi asubiri nusu dakika kabla ya kugusa resi. Taa ikazima mara moja. Mama akapigiwa simu, akafurahi.

Siku ya nne nilimwita nikague. Sikuwa na wasiwasi sana, nilitaka tu kuona. Nikafungua kikombe, nikavuta filta, na kiuno kilikuwa kimeanza. Chembamba bado, lakini ukiiviringisha juu ya kioo cha meza inayumba. Kilomita 700 hivi, oili sahihi, filta nzuri.

Nakumbuka nilivyokaa pale chini na ile filta ya moto kwenye kitambaa. Nilikuwa nimempa mtu uhakika ambao sikuwa nao.

Kupima badala ya kukisia

Safari hii nilianza upya, nikaandika kwenye daftari kila kitu kinachoweza kubadilisha umbo la filta, na kila kimoja kinaacha alama gani.

Maji yanalainisha karatasi. Karatasi ya filta huwekwa gundi ya resini na kuokwa ili iwe ngumu, lakini bado ni nyuzi za mti, na nyuzi hunywa maji na kuvimba. Filta ya namna hiyo inakuwa laini mkononi, mikunjo imevimba na kugusana. Nilikata kipande, nikakikamua kwenye jiriwa hadi oili ikaisha, nikakiwasha kwa kiberiti. Karatasi yenye maji hutoa milio ya kupasukapasuka kabla ya kushika moto. Hii iliwaka kimya. Chini ya kifuniko cha kujazia oili hapakuwa na ute wa rangi ya maziwa. Maji nikayafuta.

Kufunga vibaya kunaacha alama nyingine kabisa. Kama mpira wa duara haukupakwa oili, au filta haikukaa kwenye kiti chake, kikombe kinapozungushwa kinaizungusha na filta, na mikunjo inalala upande mmoja kama sufuria iliyokorogwa. Ikiwa filta ni ndefu kuliko inavyotakiwa, inafupishwa kwa nguvu: inatoka na tumbo, visahani vimepinda. Zetu zilikuwa na urefu uleule wa mpya, nilizipima zote nne kwa kaliba, na mikunjo ilikuwa wima. Hakuna aliyezikoroga wala kuziminya kwa juu. (Mikunjo kuyumba kidogo hapa na pale si ugonjwa. Karatasi inalowa oili ya moto na kusukumwa maelfu ya mara, haiwezi kurudi kama ilivyotoka kwenye boksi. Nimeona mafundi wakiogopesha wateja kwa hilo.)

Vali ya kupunguza presha ya pampu ikikwama imefungwa, presha nzima ya injini inapanda na kila kitu kinateseka. Nilifungua swichi ya presha ya oili nikaweka geji yenye mshale. Asubuhi ya baridi, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mshale haukuvuka baa 5. Pampu ilikuwa nzima.

Lakini geji ilinieleza jambo jingine, na hili naomba msomaji alishike. Swichi ile iko baada ya filta. Tulirudisha ile filta ya kibuyu, ya kilomita 1,100, makusudi, dakika chache tu. Injini ikiwa ya moto, sailensa, geji ilisoma baa 0.2 na taa ikapepesa. Kwenye mizunguko 3,000 ilisoma 2.1 na taa imezima. Kwa nini resi inazima taa? Kwa sababu sailensa presha ya pampu yenyewe ni ndogo, haitoshi kuisukuma vali ya baipasi, kwa hiyo oili yote inalazimika kujipenyeza kwenye filta iliyojifunga. Ukikanyaga, presha inapanda, vali inafunguka, oili inapita pembeni. Taa inazima na dereva anapumua. Wakati huohuo injini inakunywa vumbi la Usoke bila kuchujwa. Alikuwa anaendesha hivyo miezi.

Bado sikuwa na jibu la kiuno.

Vikombe viwili

Jibu lililetwa na gari la mtu mwingine. Mchana ule aliingia mteja wa kawaida, gari lenye injini ileile, sevisi ya kilomita 5,000. Kijana wangu akafungua kikombe chake, akakiinamisha kwenye beseni, oili ikachuruzika, akachomoa filta na kukiweka kikombe juu ya benchi karibu na kile cha gari la mama.

Kimoja kilikuwa na mnara katikati. Kibomba cha plastiki nyeusi, kirefu kama kidole cha kati, kina matundu pande zote, kimebanwa kwa vimeno kwenye sakafu ya kikombe. Kingine kilikuwa kitupu. Sakafu yake ilikuwa safi, na ukikielekeza kwenye mwanga unaona vishikio vya vile vimeno, kimoja kimevunjika ncha.

Nilivishika vyote viwili, kulia na kushoto, nikakaa kimya. Nimefungua kikombe cha gari lile mara kadhaa kwa mikono yangu. Nimekisafisha kwa petroli, nimekikausha kwa upepo wa kompresa, nimekipaka oili. Kisichokuwepo hakikuniita. Mafundi wawili kabla yangu vilevile.

Filta ya gari hili haina kibomba chake. Inakitegemea kile cha kikombe. Bila kibomba, karatasi imeachiwa mzigo peke yake tangu siku ya kwanza. Ikibonyea kidogo, mikunjo inagusana, njia za oili zinapungua, tofauti ya presha inapanda, inabonyea zaidi. Oili nzito na resi za alfajiri viliharakisha. Ndiyo maana nilipoweka 5W-30 kiuno kilikuja taratibu zaidi, na ndiyo maana hakikuacha kuja. Nilikuwa nimeondoa kichocheo nikaacha chanzo.

Kilipotelea wapi? Dereva alifikiri kwa muda, akakumbuka sevisi moja ya haraka njiani, mji mwingine, gari limejaa abiria wanalalamika. Fundi alivuta filta ya zamani kwa koleo kwa sababu iling'ang'ania, akaitupa kwenye pipa. Kibomba kikilowa oili kinanata ndani ya tundu la filta, na kwa macho kinaonekana ni sehemu yake. Sina haja ya kumlaumu yule fundi. Kwenye filta ya kopo, kila kinachotoka kinatupwa, na hivyo ndivyo mikono yetu ilivyofundishwa. Taa ilianza kupepesa baada ya sevisi hiyo.

Mchomeleaji jirani, rafiki yangu, alijitolea kutengeneza kibomba kwa bomba la chuma na mashine ya kutoboa, elfu kumi, jioni hiyohiyo. Nilikataa na tulibishana kidogo. Tundu lililotobolewa linaacha kingo kali na vumbi la chuma, na vumbi hilo litakuwa upande wa ndani wa filta, upande ambao oili yake inakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Pia ncha ya kibomba ndiyo inayokaa dhidi ya kiti cha juu. Milimita moja ikipungua, oili chafu inapita kando ya kisahani na filta inakuwa pambo. Kibomba peke yake hakikupatikana Tabora. Tukaagiza kikombe kizima cha injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, kikafika kwa basi siku ya tatu, shilingi elfu 65. Gari lilikaa siku hizo zote, na mama hakuwa na hesabu ya siku hizo.

Alikuja mwenyewe siku kikombe kilipofika. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Niambie ukweli, injini imekwisha au bado?"

Nilimwonyesha vikombe. Alikitia kidole kile kitupu, akazungusha, akatazama kidole chake. "Kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwa kinanila."

Tulipofungua vali ya oili ya upande wa kemshafti, kwenye wavu wake mdogo mlikuwa na nyuzi za karatasi, fundo dogo kama pamba ya sikioni. Ni za ile filta iliyoachia kisahani. Tukausafisha wavu, tukamwaga oili tena ingawa ilikuwa ya wiki, tukaweka filta mpya, mipira yote miwili mipya imepakwa oili, kikombe kikakazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi nyutoni-mita 25 kama ilivyoandikwa kwenye kitako chake. Geji ikiwa pale pale, injini ya moto: sailensa baa 0.8, mizunguko 3,000 baa 3.2. Asubuhi iliyofuata taa ilizima kabla sijahesabu mbili.

Baada ya kilomita 5,000

Filta ilitoka imesimama kama ilivyoingia, nyeusi, mikunjo imeyumba kidogo, tundu la katikati duara. Niliikata visahani kwa msumeno, nikakunjua karatasi yote juu ya gazeti juani, nikaikagua pamoja na dereva. Ilikuwa na masizi na mchanga mwembamba, kama unavyotegemea. Kwenye mikunjo mitano au sita kulikuwa na vimeremeta. Nilipitisha sumaku, havikufuata. Vimeremeta visivyofuata sumaku mara nyingi vinatoka kwenye tabaka laini la beringi. Havikuwa vingi, na injini haina mlio. Lakini vipo.

Nilimweleza mama hivyo hivyo kwa simu: filta imepona, na ile miezi ya oili isiyochujwa huenda imeacha deni kwenye beringi. Tumepunguza sevisi kutoka kilomita 5,000 hadi 3,000, oili ni 5W-30 ileile, na kila filta inayotoka naikata na kuhesabu vimeremeta kwenye daftari. Dereva ameambiwa hata akifanyiwa sevisi Urambo, filta ya zamani anirudishie, na kabla kikombe hakijarudi kwenye injini ahesabu mwenyewe kwamba kibomba kimo. Ile galoni yake ya lita tano bado iko chini ya benchi langu, na zile filta tatu zenye viuno zimo ndani.